Ndevu za Mzee Kibirige

Mwezi uliopita nilikwenda Kasubi kwenye mazishi ya mama mmoja tuliyekuwa tukisali naye. Uani walikuwa wametandaza mbugo juani, zile nguo nyekundu za gome la mti ambazo Waganda huwavisha wafu wao, na jua lilipozipasha, harufu ikapanda. Ni harufu ya udongo uliolowa na moshi wa zamani, na kwa mbali kuna utamu kidogo, kama wa maganda ya ndizi yaliyokauka. Nilikuwa nimesimama na wazee wenzangu, kila mtu na fimbo yake, tukizungumzia presha na magoti. Mara nikawa sisikii neno. Nilikuwa na miaka saba, sina meno ya mbele, nimelala kifudifudi chini ya ua wa michongoma, na ng'ambo ya ua mtu anaponda gome.

Mjukuu wangu aliyekuwa akinirudisha Bukoto aliniuliza garini kwa nini nilikuwa natabasamu msibani. Nikamwambia nilikuwa nakumbuka ndevu. Alinitazama kwa jicho la mtu anayejiuliza kama Bibi amekunywa dawa zake leo, na mimi nikamwacha na wasiwasi wake. Haya ni mambo yetu, sisi tuliozaliwa wakati bendera ilikuwa ya Wazungu, tulioambiwa tusivuke ua na tukavuka.

Nilizaliwa hapo hapo Kasubi, laini, yaani kwenye safu za vibanda vya duara vya bati walimokaa polisi na familia zao. Mchana bati lilikuwa linaunguza, mvua ikinyesha husikii hata mtu anayekuita kwa jina. Baba yangu, Konstebo Odoki, alikuwa Mwacholi kutoka kaskazini, mrefu, mpole kupita kiasi kwa mtu wa kazi ile. Wanaume wa kambi karibu wote walikuwa watu wa kaskazini: Waacholi, Walango, Walugbara, Waalur. Wazungu walitukusanya huko kwetu wakatuleta kuwalinda Waganda katika vilima vyao wenyewe, na Waganda wakapewa kalamu na ofisi. Sisi watoto hatukuuliza nani alipanga. Tulidhani Mungu ndiye aliyegawa, huyu rungu, yule kalamu, basi yakaisha. Kiswahili kilikuwa lugha ya gwaride na ya kugombania zamu bombani, na ndicho kilichonilea. Ndiyo maana naandika kwa lugha hii, ingawa wajukuu wananiambia, "Bibi, Kiingereza basi, tusome."

Mwisho wa kambi kulikuwa na ua wa michongoma, na katika ua kulikuwa na tundu la kutosha mbuzi au mtoto, au mzee mwembamba akiinama. Ng'ambo kulikuwa na migomba, na katikati ya migomba kibanda kirefu kisicho na kuta, na ndani ya kibanda alikaa Mzee Kibirige. Kazi yake ilikuwa kuponda gome. Mvua zikishanyesha alilibandua gome la mti wa mutuba kwa ustadi, zima zima, akauacha mti uchi, kisha akalifunga shina lote kwa majani ya migomba ili jua lisiliunguze na gome jingine liote. Mimi nilidhani miti ile imeumia na yeye ni daktari wao. Kila nikipita niliiambia pole, mti mmoja mmoja.

Gome lenyewe alilitandaza juu ya gogo, akaliponda kwa nyundo za mti zenye mifereji, kwanza ile ya mifereji mipana, halafu ya kati, halafu ile nyembamba. Likawa linapanuka kila siku, likilegea, mpaka kitu kilichokuwa kigumu kikawa nguo ya kujifunika. Mlio wake ulikuwa ndio saa yetu. Ukianza, mama anawasha moto. Ukikoma, ni wakati wa uji. Nilikuwa napenda kulala chini ya ule ua nikiusikiliza, jua likinipita mgongoni kupitia majani, hadi nikawa sijui kama niko macho. Mke wake, ambaye wote tulimwita Nnyabo, alinikuta hapo mara moja akanivuta kwa mkono, akanifundisha kupiga magoti na kuamkia kama binti wa Kiganda, akanipa ndizi. Tangu siku hiyo nilimwita mzee Jjajja, yaani babu, na yeye alinikubali bila maneno mengi.

Jumapili baba alikuwa kinyozi. Akirudi kanisani alivua shati, akatoa kiti cha mbao na kukiweka karibu na ua, akauning'iniza mkanda wa kunolea kwenye msumari. Alikuwa na wembe wa kukunja ambao alinunua kwa sajini mmoja aliyestaafu, na aliupenda kuliko kitu chochote chenye ncha alichopewa na serikali. Kwanza walikuja wanaume wa kambi. Mwisho kabisa, mikono ya baba ikiwa imeshapata moto, michongoma ilitikisika na Mzee Kibirige akatokea kwenye tundu, kanzu ameikunja hadi magotini, anajipangusa majani.

"Polisi, habali ya kazi?"

"Nzuri, ssebo. Habari ya miti?" Ssebo ni bwana, kwa Luganda.

"Miti hapana piga kelele, hapana iba. Wewe ungefanya kazi na miti."

Baba alicheka, akampaka povu. Nakumbuka povu lile jeupe kwenye mashavu meusi, na kidole cha baba kikilivuta shavu taratibu ili wembe upite. Mzee alifumba macho na kuendelea kusema huku midomo haitikisiki sana, kwa kuogopa.

"Hii Kiswahili yenu mimi hapana penda. Ni lugha ya bunduki. Lakini wewe hapana jua Luganda, mimi hapana jua Kiacholi. Sasa tutafanya nini? Tunyamaze?"

"Tusinyamaze, ssebo. Ukinyamaza nitasinzia."

Walizungumza mambo ya kawaida tu: mvua, watoto, mzee fulani aliyeoa tena. Lakini baba hakuwa na rafiki mwingine hapa Kampala. Wenzake wa kambi walikuwa wenzake wa kazi, wakilewa pamoja na kuogopana kidogo. Mzee Kibirige alikuwa rafiki. Hata mimi, mtoto, niliona jinsi baba alivyokuwa akitazama ule ua kila Jumapili, mkono juu ya kiti, akijifanya ananoa wembe uliokwisha kunoleka.

Sasa nije kwenye kosa langu. Jumapili moja nilikuwa nachezacheza nyuma ya kiti. Kitambaa alichofungwa mzee kilikuwa kinaning'inia, na mimi nikakivuta, sijui kwa nini, labda nilitaka kuona kama kitatoka. Shingo ikaenda nyuma, mkono wa baba ukateleza, na tone la damu likajitokeza chini ya sikio, likateremka taratibu mpaka kwenye ukosi wa kanzu. Baba alishtuka akaita jina la mama yake. Alichukua shabu akaibonyeza pale, mzee akakunja uso kwa uchungu, halafu akasema, "Si kitu, si kitu. Nyama yangu ni nzee, haina damu mingi." Akarudi kwake kupitia tundu. Mimi nilikuwa nimeshajificha nyuma ya pipa la maji, moyo unagonga kuliko nyundo zake. Hakuna aliyeniona nikivuta.

Jumapili iliyofuata hakuja.

Wala hakuja ile nyingine. Na katikati ya wiki hizo mbili nyundo ilinyamaza, na kutoka ng'ambo ya ua nilisikia Nnyabo akilia kwa sauti, sauti ndefu yenye "kitalo, kitalo" ndani yake, neno lao la msiba. Mama alisema kwamba Wazungu wamemchukua Kabaka, mfalme wa Waganda, wamempandisha ndege na kumpeleka kwao, na kwamba Waganda wamekasirika. Niliyasikia maneno hayo kama nilivyosikia habari zote za wakubwa, yaani yaliingia yakatoka. Mimi nilikuwa na habari yangu nzito zaidi.

Maana nilianza kuona ndevu. Kwanza niliziona kwa Mzee Kibirige mwenyewe, nikichungulia: vipele vyeupe, halafu ukungu, halafu nywele hasa. Kisha nikaziona kwa fundi wa baiskeli pale njia panda. Kisha kwa mwalimu wa katekisimu, ambaye siku zote alikuwa safi mpaka anang'aa. Kisha kwa muuza mkaa, kwa karani, kwa mpiga ngoma wa kanisa. Nilitembea na mama kwenda sokoni nikaona wanaume kwa makumi, wote na ndevu, wengine wametupa makoti wamejifunga mbugo begani, wanatutazama wakiwa kimya. Nikaelewa kila kitu. Mzee Kibirige amewaambia. Amewaonyesha kovu lake chini ya sikio, amewaambia wembe wa Odoki unakata shingo, na sasa Buganda nzima inaogopa kunyolewa. Nilirudi nyumbani nimeshika sketi ya mama kwa mikono miwili. Mji mzima umeota nywele usoni kwa sababu yangu.

Msinicheke. Mtoto wa miaka saba hajui serikali, anajua kitambaa alichokivuta. Na kila nilichokiona kilinithibitishia. Mwanamke aliyekuwa akituuzia ndizi alikataa kumuuzia mama, akageuza uso. Kambini tulikatazwa kuvuka ua. Afisa Mzungu alisimama mbele ya gwaride akasema, na koplo akatafsiri, kwamba watu wa kaskazini ni wanaume wa kweli na wasiingie katika urafiki na watu wajanja wa hapa. Baba alikuwa mstari wa pili. Nilimwona akitazama mbele, shingo imekaza, ile shingo yake ndefu. Jumapili bado alitoa kiti. Alinyoa wenzake, akakaa yeye mwenyewe kwenye kiti kile mpaka kivuli kikamfikia, kisha akakiingiza ndani.

Nilimwonea huruma. Siku moja baba akiwa kazini nilifungua kisanduku chake, nikachukua wembe, nikaufunga kwenye kitambaa, nikapita kwenye tundu.

Kibandani hakuwa peke yake. Walikuwepo wanaume saba au wanane wamekaa juu ya mikeka, wote ndevu, wote mbugo, na ile harufu ya gome ilikuwa nzito mpaka nikahisi natembea ndani yake. Mwanga ulipita kwenye migomba ukawa wa kijani usoni mwao. Waligeuka wote waliponiona. Nikapiga magoti kama nilivyofundishwa, nikafungua kitambaa, nikauweka wembe chini mbele ya Mzee Kibirige.

"Nani ametuma wewe?" akauliza mmoja aliyevaa miwani, karani. "Sirikali? Sirikali nataka kutunyoa, sasa natuma mutoto wa polisi?"

Mimi nikamtazama Jjajja tu, nikaanza kulia.

"Jjajja, si baba aliyekukata. Ni mimi. Mimi nilivuta kitambaa. Waambie watu wote warudi kunyoa. Wembe wa baba si mbaya."

Mzee aliniambia nirudie, pole pole. Nikarudia, tena nikaongeza fundi wa baiskeli, mwalimu wa katekisimu na muuza mkaa, kwamba wote nawaomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka akawaambia wenzake kwa Luganda, na nikaona neno linapita kutoka uso mmoja hadi mwingine, na mabega yakaanza kutikisika. Walicheka. Mmoja alilala chali kwenye mkeka. Karani alivua miwani akafuta macho. Mzee Kibirige hakucheka kwa sauti, lakini machozi yalikuwa yanaingia kwenye ndevu zake.

"Mutoto," akasema, "hizi ndevu si za wembe ya baba yako. Hizi nangoja mutu. Kabaka yetu wameondoa. Mutu akifiwa ananyoa? Hanyoi. Sisi tumekaa kama wafiwa mpaka yeye akiludi."

"Akirudi utakuja kwa baba?"

Kicheko kikaisha. Nilikuwa nimeuliza tu, lakini niliona wanaume wale wakimtazama, na yeye akitazama wembe. Aliuokota, akaukunja vizuri, akaufunga tena katika kitambaa.

"Nitakuja. Hizi ndevu baba yako ndiye atanyoa. Mwambie."

"Siku hiyo, Kibirige?" akasema karani. "Siku Kabaka ameludi, uso yako uweke katika mukono ya polisi?"

"Mukono ya Odoki," mzee akajibu.

Nnyabo alinisindikiza mpaka kwenye tundu, akanifuta kamasi kwa upindo wa gomesi yake. Nilikuwa mwepesi, nilijiona naelea. Jioni nilimpa baba wembe wake na nikamwambia yote, nikijua nitachapwa. Hakunichapa. Aliniuliza, "Alisema nani atanyoa?" Nikamwambia. Akaniuliza tena, kama mtu asiyesikia vizuri. Nikamwambia tena. Baadaye, tukiwa tunakula, aliuliza mara ya tatu, na mama akasema, "Mwache mtoto ale."

Baada ya hapo baba alikuwa na kitu cha kungoja. Sijui ni miezi mingapi. Utotoni miezi haihesabiki, inapita tu, mvua, kumbikumbi, vumbi, mvua tena. Mzee hakuvuka ua na baba hakuvuka, amri ilikuwa amri, lakini nyundo ilirudi kulia, na asubuhi baba alisimama mlangoni na kikombe cha chai akiisikiliza kabla ya kuvaa kofia. Nyakati nyingine alihesabu mapigo kwa kidole kwenye kikombe. Ndevu za mzee zilikuwa zimefika kifuani. Nikichungulia nilimwona tu pua na macho, na nilicheka peke yangu nikifikiria kazi aliyo nayo baba.

Halafu kukawa na siku moja ambayo wanaume wote wa kambi walipakiwa kwenye malori asubuhi, na ngao na fimbo ndefu. Tulicheza mdako wa mawe chini ya nguo zilizoanikwa, maana kamba zilijaa mashuka siku hiyo, na tukasikia kutoka mbali kelele kama za mpira. Alasiri malori yakarudi. Baba alishuka wa mwisho. Hakula. Alikaa kitandani na buti zake, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia, najifanya nimelala usingizi wa mchana.

"Walikuwa wamekaa barabarani," alimwambia mama kwa Kiacholi. "Wengi. Wote ndevu, wote gome. Sikuona mtu, niliona ndevu tu. Afisa akapuliza filimbi tukaingia. Mmoja akasimama mbele yangu akainua mkono, na mimi nikapiga. Nikasikia mfupa."

Mama aliitua sufuria.

"Akasema, Odoki. Hakupiga kelele. Alisema jina langu tu."

Nilisikia mama akikaa chini.

"Miaka minne," baba akasema, "miaka minne nimeushika uso ule kila Jumapili. Najua kovu la kidevuni, najua shavu gani lina shimo. Na sikumjua."

Nilikuwa nimekaa miezi yote hiyo nikiamini kwamba baba ananyoa watu, na kwamba ile fimbo ni kitu cha gwaride. Nilimwogopa, siku ile, baba yangu mpole. Nilimwogopa na kumhurumia kwa pamoja, na mpaka leo sijui namna ya kuvitenganisha.

Nyundo ikanyamaza. Mama alisaga ufuta, akaujaza kwenye chungu kidogo ili mzee apate nguvu, akakisukuma chungu kwenye tundu mpaka upande wa pili. Kesho yake kilikuwa pale pale, sisimizi wamekizunguka. Akakiacha siku tatu. Siku ya nne alikivuta akakirudisha ndani, akakiosha. Baada ya muda mrefu mlio ulirudi, lakini haukuwa ule. Ulikuwa wa polepole, wenye kukwama, wa mtu anayeponda kwa mkono wa kushoto. Baba hakusimama tena mlangoni na chai yake. Aliinywa ndani.

Kabaka alirudi. Nyinyi mliokuwepo mnakumbuka ngoma zile, zilivyoanza kilima hiki zikajibiwa na kile, mpaka ukazisikia kwenye meno. Watu walifurika barabarani na majani ya migomba, wakicheka, wakilia, na kando ya barabara wanaume walikuwa wamekaa juu ya mawe na masanduku wakinyolewa. Nywele zilikuwa zimetapakaa kwenye vumbi. Fundi wa baiskeli alipita na mashavu mapya, nikamwona ana kidimbwi shavuni ambacho nilikuwa nimekisahau. Kila uso uliokuwa umefungwa ulifunguliwa siku ile. Baba alikuwa kazini tangu alfajiri mpaka jua likazama, amesimama barabarani akiwazuia watu wenye furaha.

Jumapili akatoa kiti. Mama akamwambia, "Usijitese." Yeye akaunoa wembe. Waliokuja kunyolewa kambini walikuja wakaondoka. Jua likapanda. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya pipa, natazama michongoma, na sikuwa na tumaini, maana nilikuwa nimeshakua kidogo.

Michongoma ikatikisika. Kilitangulia kichwa, halafu ndevu. Zilikuwa nyeupe, ndefu, zimeshika majani. Katika Kasubi nzima, siku ile, nadhani ndizo ndevu pekee zilizobaki, mzee alikuwa amepita katikati ya sherehe nzima nazo, na watu lazima walimcheka. Mkono wa kulia alikuwa ameushikilia kifuani, kiwiko kimekaa vibaya. Alitembea mpaka kwenye kiti akakaa. Hakuuliza habari ya kazi.

Baba alisimama na wembe mkononi, asiweze. Mkono ulikuwa unamtetemeka mpaka wembe ukawa unamulika jua ukutani, mara huku mara kule. Alijaribu Kiswahili, akajaribu Luganda kidogo alichokuwa ameokota, kisha akaanza kusema kwa Kiacholi, haraka, maneno mengi, ambayo mzee hakuyajua hata moja.

"Nyoa, Odoki," mzee akasema. "Nyoa, ujue mimi."

Akaegemeza kichwa nyuma, akafumba macho.

Baba alinyoa. Alianza na mkasi, halafu povu, halafu wembe, taratibu kuliko nilivyowahi kumwona, na uso ukatoka kipande kipande: shavu, lile shimo, kovu la kidevuni, mdomo. Nywele zilianguka kwenye majani bila sauti. Nzi waliruka, nguo zilikauka kambani, mahali fulani mtoto alikuwa anaita, na mimi nilikuwa nimeshikilia pipa kwa vidole vyote kumi. Alipomaliza alimpangusa kwa kitambaa cha moto. Mzee akafumbua macho, akamtazama baba kwa muda, uso kwa uso. Akainuka, akajipangusa kanzu kwa mkono wa kushoto, akapita kwenye tundu akaenda zake.

Jumapili iliyofuata hatukumwona. Wala iliyofuata hiyo. Tulisikia ananyolewa na kijana mmoja wa Kiganda kule njia panda, na haikupita muda mrefu baba akahamishiwa kituo kingine nasi tukafungasha.

"Hajakusamehe," mama alimwambia baba, akiwa anakunja mablanketi. "Alikuwa na ahadi, ameitimiza, ameondoka. Mtu mwenye ahadi."

"Pengine," baba akasema.

"Hakusema hata neno."

"Nilikuwa na wembe mkononi, mkono wenyewe unatetemeka," baba akasema, "na yeye anajua mkono huu umemfanya nini. Akafumba macho, akanipa shingo yake. Unataka aseme nini tena?"

Mama akafunga blanketi la mwisho. Baba akaingia ndani kuvaa sare, maana lori lilikuwa limeshafika.